Hatua ya Somoe na Hatua ya Mafunda

Paukwa!

Pakawa!

Upande wa mlangoni sijausikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, kaeni, nawajua. Nawapeleka zamani, zamani hizo, msitu ulipokuwa mmoja tangu mlimani hadi mtoni, na shoka halijaingia humo hata siku moja.

Mtoni palikuwa na mkuyu. Mkuyu gani! Masika unazaa, kiangazi unazaa. Miti mingine ikikauka, wenyewe umejaa makuyu mekundu, tangu shinani hadi kileleni. Kila mnyama wa juu ya miti aliutaka. Waliupigania. Waliumana, waliangushana, watoto wakaumia. Mwishowe majike wakachoka. Wakasema, "Meno basi! Mabinti zetu wapande juu, watuoneshe mwili unaweza nini. Atakayeshinda, ukoo wake ukae mkuyuni kiangazi kizima."

Madume wakanung'unika. Wakakubali.

Ukawa ndio mchezo wa matawi. Kila masika yakiisha, wanyama wote walikusanyika chini ya mvule mrefu. Chini pamemwagwa mchanga, laini, mweupe. Binti anapanda juu. Anatembea juu ya tawi jembamba, jembamba kama kidole changu hiki. Anabembea kwa kamba ya mbungo. Anaruka. Anatua mchangani. Ti! Miguu miwili, asiyumbe, asipige hatua.

Waamuzi walikuwa watatu. Wa kwanza Mzee Korongo, mkubwa wao, aliyesimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi mpaka jua linazama. Huo mguu wa pili hakuna aliyewahi kuuona ukigusa chini siku ya mchezo. Wa pili Nungunungu. Nungunungu alikuwa na macho mazuri sana, ila aliyatumia kumtazama Korongo. Korongo akitikisa kichwa, naye anatikisa. Korongo akitabasamu, naye anatabasamu. Wa tatu Kakakuona, mpole, mwenye magamba mwili mzima. Yeye aliona kila kitu. Lakini ugomvi ukianza tu, kwiriri! anajikunja, anakuwa mpira, humpati tena.

Na sheria ilikuwa hivi. Mbele ya kila mchezaji panawekwa kapu lenye komwe kumi, zile mbegu ngumu za kuchezea bao. Akikosea, inatolewa komwe. Hatua moja wakati wa kutua, komwe moja. Akifanya jambo gumu ambalo wengine hawaliwezi, anaongezewa. Mwenye komwe nyingi ndiye mshindi.

Sheria nzuri, siyo? Nzuri kabisa. Hata mtoto anaielewa.

Sasa, aliyezoea kushinda alikuwa Mafunda binti Kima. Jina lake lilitokana na mashavu yake, maana kima ana vifuko mashavuni vya kuwekea chakula, na vya Mafunda vilikuwa vikubwa. Alikuwa mzuri kweli, tusimpunje. Akishika kamba ya mbungo, kamba yenyewe inafurahi. Alishinda masika ya kwanza, akashinda ya pili, akashinda tena, mpaka wanyama wakazoea. Akipanda tu mtini wanaanza kupiga makofi, bado hajafanya kitu.

Na kulikuwa na Somoe binti Mbega.

Mbega mmemwona? Mweusi, ana manyoya meupe marefu mabegani yanayoning'inia kama shali, na mkia mweupe. Lakini mbega hana kidole gumba. Eee, tazameni mikono yenu, kunjeni gumba. Haya, shikeni kamba. Mnaona? Inateleza. Kwa hiyo Somoe hakuweza kubembea kama Mafunda. Alijaribu tangu utotoni. Alianguka. Akajaribu. Akaanguka.

Siku moja akaacha kamba. Akasema, "Kushika siwezi. Basi nitaruka."

Akaanza kuruka. Peke yake, kule mlimani ambako ukoo wake uliishi kwa majani machungu. Akaruka chini, akaruka juu, akaruka juu zaidi. Na kila akiruka aliimba. Mtaitikia "nibebe, nibebe," sawa?

Upepo, mbeleko yangu,
*Nibebe, nibebe!*
Mgongoni kwako nilale,
*Nibebe, nibebe!*
Nikifika chini niteremshe,
*Nibebe, nibebe!*

Masika yakaisha. Wanyama wakakusanyika. Kundi kubwa, vumbi, kelele.

Akaanza Kindi, yule mdogo mwenye mkia wa kufagia. Akatembea, akaruka, akatua. Akapiga hatua moja. Korongo akanyoosha mdomo wake mrefu ndani ya kapu. Ka! Ka! Komwe mbili zikatoka.

Kindi akasema, "Mzee, hatua si moja?"

"Asubuhi bado mapema," akasema Korongo. "Tukianza kwa ukarimu, jioni tutabaki na nini?"

Kindi akakaa. Alikuwa mdogo, na wadogo walizoea kukaa.

Akaitwa Somoe. Mama yake alisimama chini, amembeba mtoto mchanga. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, kama pamba, na huyu alikuwa amekamata manyoya ya mama yake kwa nguvu zote.

Somoe akapanda. Akapita tawi la kamba, hakusimama. Akapanda. Akapita tawi ambalo Mafunda huanzia. Akapanda bado. Wanyama wakaanza kuulizana, "Anakwenda wapi yule?" Akafika tawi la juu kabisa la mvule, mahali ambapo tai hupumzika. Kutoka chini alionekana mdogo kama ndezi.

Akajirusha.

Vuuuuu!

Wanyama wakashika vichwa. Somoe akajipindua angani, mara ya kwanza. Manyoya yake meupe yakafunguka. Akajipindua mara ya pili, na wakati huohuo mwili ukazunguka kama pia. Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe! Hukujua kichwa kiko wapi na mkia uko wapi. Shali yake ikashika upepo, ikatuna, na mwili ukapunguza kasi kama mtu anayeshushwa na mkono. Halafu, ti! Akatua. Akapiga hatua moja ndogo ya mbele. Akasimama.

Kimya. Ziii. Majani yenyewe yalinyamaza.

Simba alikuwa amelala pembeni, yeye haji kutazama, huja kulala tu. Aliamka. Akauliza, "Kumetokea nini?" Hakuna aliyeweza kumwambia. Twiga machozi yalimtoka na hakujua kwa nini. Jitu zima lile. Na juu ya tawi, Mafunda, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alisahau kutafuna. Kuyu lilimdondoka mdomoni.

Wote wakamgeukia Korongo.

Korongo alikuwa amekunja uso. Jambo lenyewe lilimtisha. Katika maisha yake yote ya kuamua hakuwahi kuliona, na hakujua alipime kwa kipimo gani. Akanyoosha mdomo. Ka! Ka! Akatoa komwe mbili.

Somoe akasema kwa adabu, "Mzee Korongo, shikamoo. Hatua nimepiga, kweli. Moja. Na lile la angani?"

"La angani halina komwe."

"Sheria inasema jambo gumu linaongezewa."

"Hili limezidi," akasema Korongo. "Nikiliongezea leo, kesho kila mtoto atapanda huko juu kujitupa. Shingo zitavunjika. Mimi sitaki lawama. Atakayelifanya alifanye kwa raha zake, lakini kapuni haliingii kitu."

Nungunungu akamtazama Korongo. Akasema, "Haliingii kitu."

Kakakuona akafungua mdomo. Akaona uso wa Korongo. Kwiriri! Akajikunja.

Akaja Mafunda, wa mwisho, kama kawaida yake. Makofi yakaanza. Akatembea vizuri, akabembea vizuri, mbungo ikaimba. Akaruka. Akatua, ti! Lakini mguu ulimponyoka. Akapiga hatua ya nyuma. Hatua pana, siyo ndogo. Wanyama walikuwa wakishangilia, wengi hawakuiona.

Korongo akatazama ndani ya kapu, akatabasamu. Mdomo wake haukuingia. Komwe kumi zikabaki kumi.

"Mafunda!" akatangaza. "Mkuyu ni wa kima!"

Mama yake Somoe akasogea mbele na mtoto wake kifuani. Hakupiga kelele. Akaonesha mchanga kwa kidole. "Mzee, alama hizi hapa. Huu ni mguu wa binti yangu ulipotua, na huu uliposogea. Hizi ni za Mafunda. Tazama upana wake. Hatua ya binti yangu imetolewa komwe mbili. Hii ya Mafunda mbona haikutolewa hata moja?"

Korongo akatazama mchanga. Akasema, "Hatua ya Mafunda ilikuwa na adabu."

Halafu akakunjua bawa lake, fagia, fagia, alama zikafutika.

Kiangazi kikaingia.

Kima wakahamia mkuyuni, wakala, wakanenepa. Mbega wakarudi mlimani. Majani machungu yakakauka, yakabaki magumu kama ngozi. Wazee wawili wa mbega walilala siku moja na hawakuamka. Maziwa ya mama yake Somoe yakapungua.

Na Mafunda? Mafunda alikaa katikati ya makuyu, na kila akifumba macho aliona kitu kinazunguka angani. Mweusi, mweupe. Mweusi, mweupe. Ndugu zake wakimwita, "Bingwa!" anaitika, lakini jina linamkaa vibaya, kama nguo ya kuazima. Maana hatua yake aliijua. Mguu ni wake, angekosaje kuijua?

Asubuhi moja akajaza mashavu yake makuyu, akaenda mlimani.

Alifika akamkuta mama yake Somoe ameketi juani. Mtoto mweupe alikuwa akinyonya, anaacha, analia kidogo, ananyonya tena. Hapatoki kitu.

Mama akamwona. "Umekuja kutucheka?"

Mafunda hakuweza kujibu, mdomo umejaa. Akainama, akatoa makuyu shavu la kulia, akatoa shavu la kushoto. Akayaweka miguuni pa yule mama. Yamelowa mate, lakini mazima.

Mama akayatazama muda mrefu. Halafu akachukua moja, akala. Akachukua la pili.

"Somoe yuko wapi?" akauliza Mafunda.

"Anakofanya upuuzi wake. Fuata wimbo."

Mafunda akafuata wimbo. *Nibebe, nibebe.* Akamkuta Somoe juu ya mti mkubwa ukingoni mwa bonde. Akamwona anaruka tena. Safari hii alikuwa karibu, akausikia upepo unavyopita kwenye manyoya, fyuuu! Akakaa chini.

Somoe akatua, akamwona. "Wewe unataka nini huku?"

"Nifundishe."

Somoe akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Nikufundishe? Ili unishinde na hilo pia?"

"Ndiyo," akasema Mafunda. "Nitakushinda na hilo pia. Hata nikianguka. Hata nikitua kwa matako. Huoni? Korongo akiniona mimi, komwe hazitoki. Na mimi sijui tena kama ninacheza vizuri au la. Nimeshinda mara nyingi, Somoe, na sijui ni mara ngapi nilishinda kweli. Nataka kujua."

Somoe akamtazama. Hasira ilikuwepo, haikuondoka. Lakini alikuwa ameruka peke yake miaka mingi, bila mtu wa kumuuliza umeionaje.

"Umeionaje?" akauliza.

Mafunda akasema, "Nimeogopa. Na nimetamani isiishe."

Wakaanza.

Jamani, alianguka yule! Puu! kichakani. Puu! kwenye miiba. Puu! mtoni, akatoka na kambare mkiani. Jino moja likavunjika. Kila siku Somoe alimwambia, "Usitazame chini. Chini hakuhami." Na Mafunda, "Wewe una shali, mimi sina!" Na Somoe, "Una mkia. Utumie." Akautumia. Akaanguka. Akapanda. Na kila akija alikuja na mashavu yamejaa, na mtoto mweupe akaanza kupata nguvu, manyoya yake yakaanza kugeuka meusi moja moja, kama ilivyo kwa mbega anayekua.

Masika yakaja, yakanyesha, yakaisha. Mafunda sasa aliweza kujipindua mara mbili. Kutua kulimsumbua bado.

Siku ya mchezo ikafika. Korongo kwa mguu mmoja. Nungunungu akimtazama Korongo. Kakakuona katikati.

Kindi akaanza, kama kawaida. Hatua moja, komwe mbili zikatoka. Akakaa.

Akaitwa Somoe. Akapanda hadi juu kabisa, na wanyama waliokumbuka mwaka uliopita walishaanza kunyamaza kabla hajafika. Vuuuu! Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Ti! Hatua ndogo. Ka, ka! Komwe mbili nje. Ya kuongeza, hakuna.

Ndipo akaitwa Mafunda. Makofi yakaanza. Naye akapita kamba yake ya mbungo. Hakuishika. Makofi yakapungua. Akapanda. Akapanda. Akafika tawi la tai.

Chini mjomba wake akapiga kelele, "Mafunda! Una wazimu? Shuka!"

Akajirusha.

Akajipindua mara moja. Mara mbili. Mkia ukakata hewa, fya! Akatua, ti, akayumba, hatua moja pana, hatua ya pili, na mkono ukagusa mchanga.

"Aaaaah!" Korongo akapiga mabawa. "Mmeona? Mmeona? Jambo jipya! Jambo ambalo msitu huu haujapata kuliona! Tia komwe tatu!"

"Tia tatu!" akasema Nungunungu.

Komwe tatu zikaingia kapuni. Hata moja haikutoka.

Wanyama walianza kushangilia, halafu sauti zikafifia. Mmoja akamtazama mwenzake. Mwingine akamtazama Somoe. Minong'ono ikapita, shshshsh. Mambo mawili yalikuwa yamefanyika mbele yao, moja baada ya jingine, na kila mwenye macho aliona lipi lilikuwa bora.

Mafunda akasimama, anahema. Akaenda kwenye kapu lake. Akaliinua juu. Akaligeuza.

Kachakachakacha! Komwe zote zikamwagika mchangani.

"Mzee Korongo," akasema. "Njoo utazame mchanga kabla hujaufagia. Hatua zangu hizi mbili. Kiganja changu hiki hapa, vidole vinne na gumba lake. Hatua ya Somoe ile pale, ndogo kama jani. Jambo ni lile lile. Yeye ndiye amenifundisha. Kwake halina komwe, kwangu lina tatu. Kwa nini?"

Korongo alikuwa ameshakunjua bawa la kufagia, akalikunja. 

"Mafunda, nyamaza!" akaita mjomba wake. "Unatutoa mkuyuni!"

"Nakusikia, mjomba," akasema Mafunda. "Lakini namuuliza mzee."

Nungunungu akamtazama Korongo ajue la kufanya. Korongo hakufanya kitu. Nungunungu akabaki amesimama na miiba yake, hajui aelekee wapi.

Na hapo kila mtu alitazama katikati, wakingojea ile kwiriri. Kakakuona alikuwa ameshaanza kujikunja. Kichwa kilishaingia. Mkia ulishazunguka. Akabaki hivyo kidogo. Halafu, taratibu sana, gamba kwa gamba, akajikunjua. Hakuna aliyewahi kumwona Kakakuona akisimama wima mbele za watu. Tumbo lake halina magamba, mnajua hilo? Ni laini, jeupe, kila kitu kinaweza kuliumiza. Alisimama nalo wazi.

"Niliona," akasema. "Mwaka jana niliona. Mwaka juzi niliona. Hatua za Mafunda nimeziona zote, na za Kindi, na za Somoe. Niliogopa kelele. Kila nilipojikunja, mtoto wa mtu alikwenda kula majani makavu. Leo nasema. Hatua ni hatua."

Korongo alikuwa anatazama mchanga. Alitazama alama za Somoe. Akatazama za Mafunda. Shingo yake ndefu ikashuka, ikashuka, mpaka mdomo ukagusa chini.

"Sikupewa kitu na kima," akasema polepole. "Msije mkadhani. Ni macho yangu. Akipanda Mafunda, naona ushindi wake wote wa nyuma, simwoni yeye. Akipanda Somoe, naona mbega asiye na gumba, simwoni yeye. Na lile la angani, nilikuwa na hofu. Nikasema naogopa shingo za watoto. Kidogo ni kweli. Zaidi niliogopa kwamba mimi muamuzi sijui nitalipimaje."

Akainua kichwa. "Somoe, naomba ulifanye tena. Nilione."

Mara sauti nyembamba ikatoka chini. "Na mimi je?" Alikuwa Kindi, amesimama kwa miguu ya nyuma. "Kama Somoe anarudia, na mimi narudia! Au mnaanza tena yale yale?"

Wanyama wakacheka, lakini Korongo hakucheka. "Kweli. Warudie wote. Na zamu zitapigiwa kura, asiwepo wa mwisho wa kudumu."

Makapu yakajazwa kumi kumi. Wakapiga kura kwa vijiti.

Mafunda ikamwangukia zamu ya kwanza. Akafanya mchezo wake wa zamani, wa kamba, alioupenda. Mbungo ikaimba. Akatua, hatua moja. Ka! Komwe moja nje. Zikabaki tisa. Akazitazama zile tisa, akatabasamu hadi pengo la jino likaonekana. Tisa zake mwenyewe.

Kindi akapiga hatua moja. Ka! Moja nje. Tisa. Alirukaruka uwanja mzima kama ameshinda.

Akabaki Somoe. Alikuwa amechoka. Mama yake akamshika mkono. "Mwanangu, si lazima. Wameshakubali kosa lao."

"Mama, nataka tu waione vizuri."

Akapanda. Taratibu. Tawi baada ya tawi. Jua lilikuwa limesogea nyuma ya mvule, na alipofika juu kabisa manyoya yake yaliwaka pembeni. Akaanza kuimba, na safari hii hakuimba peke yake. Mafunda aliitikia. Kindi akaitikia. Msitu mzima ukaitikia, na nyinyi pia itikieni!

Upepo, mbeleko yangu,
*Nibebe, nibebe!*

Akajirusha.

Sikilizeni. Nimesimulia mengi, lakini hili najua maneno yangu hayatoshi. Alijipindua mara moja, na kabla hujavuta pumzi, mara ya pili, na pale ambapo mwili ulipaswa kuanza kushuka, haukushuka. Ulikaa. Kwa muda wa kope kufumba na kufumbua, mbega alikaa hewani, mikono wazi, shali nyeupe imetanda, kana kwamba hewa imemkuta ni mtoto wake na haitaki kumwachia. Tai aliyekuwa akipita juu alitazama chini na kusahau kupiga mabawa. Halafu akashuka, anazunguka, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi.

Ti.

Miguu miwili. Mchanga haukutimka. Hakuyumba. Hakuna hatua. Alama mbili tu, pamoja, kama mtu aliyekuwepo pale tangu asubuhi.

Hakuna aliyepiga makofi. Nani angeweza? Twiga aliinamisha shingo mpaka chini. Simba alikaa kitako kama mtoto. Na Korongo, yule Korongo, pasipo kujijua, alishusha mguu wake wa pili. Ukagusa mchanga. Akasimama kwa miguu miwili.

Akaingia uwanjani, akauzunguka ule mchanga, akainama, akatazama. "Hatua sioni," akasema. "Sitoi. Jambo ni gumu kuliko yote niliyowahi kuyaona. Naongeza tatu, zile zile nilizompa Mafunda."

Wote wakamgeukia Nungunungu. Nungunungu akageuka kwa Korongo, kwa mazoea. Halafu akageuza kichwa, akamtazama Somoe. Akamtazama sana. "Jamani," akasema, "kumbe hivi ndivyo mchezo ulivyo!"

Basi mkuyu ukawa wa mbega.

Kima walikasirika, nisiwafiche. Mjomba alimwambia Mafunda, "Watoto wetu watakula nini?" Wakakusanya watoto wao, wakashika njia ya mlimani. Kiangazi kile walikula panzi na magome, na Mafunda alikula panzi na magome pamoja nao, na kuna waliokataa kusema naye mpaka mvua ziliporudi. Alivumilia. Alisema mara moja tu, bibi yake alipomuuliza, "Njaa ninayo, bibi. Lakini zile komwe tisa nazijua moja moja."

Jioni ile ya mchezo, kabla hajaondoka na ukoo wake, alimwendea Somoe pale mkuyuni. Watoto wa mbega walikuwa wameshatapakaa matawini, midomo myekundu.

"Kujipindua nimeweza," akasema Mafunda. "Kutua kunanishinda. Unakusanyaje ile miguu?"

"Siyo miguu, ni tumbo," akasema Somoe. "Unakaza tumbo mapema. Wewe unachelewa."

"Nachelewa?"

"Unachelewa sana. Njoo kesho asubuhi nikuoneshe."

"Nitakuja na panzi mashavuni," akasema Mafunda, na wote wawili wakacheka.

Na waamuzi wa msitu ule, tangu siku hiyo, walisimama kwa miguu miwili.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa, fundisho ndilo hili. Aliyepewa kazi ya kuamua atazame kilichofanyika, asitazame jina la aliyekifanya. Kipimo cha asubuhi kiwe kipimo cha jioni, na cha mdogo kiwe cha mkubwa. Na ukiona ajabu usiyoijua, usiipunguze kwa sababu imekutisha. Sema umeiona.

Hadithi yangu imetua hapo.